Santuri na Kumbukumbu za Wasikilizaji: Historia ya Siti binti Saad na Funzo Lake kwa Manibe na Nile Magharibi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi wapenzi wa Siti binti Saad (1880–1950) walivyohifadhi historia ya maonyesho yake baada ya kifo chake. Hoja kuu ni kwamba santuri peke yake haitoshi kuwa chanzo cha historia ya muziki. Maana ya nyimbo ilibaki kwa wasikilizaji. Kutokana na hoja hiyo, makala yanapendekeza njia ya kukusanya kumbukumbu za waimbaji katika Nile Magharibi, Uganda, wakati ambapo Kiswahili kinaingizwa katika shule za nchi hiyo.

1. Utangulizi

Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda. Kwa wananchi wengi tangazo hilo lilitia muhuri sifa iliyokwisha kuenea, kwamba Kiswahili ni lugha ya kambi, ya amri na ya hofu. Nile Magharibi, eneo lililotiwa chini ya utawala wa Uganda mwaka 1914 na ambalo vijana wake wengi waliandikishwa katika jeshi la King's African Rifles, liliifahamu sura hiyo ya lugha kwa karibu kuliko maeneo mengi.

Hali ya kisheria imebadilika. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Swali lililobaki kwa washauri wa sera ni hili: mtoto wa Manibe, katika nchi ya Walugbara jirani na Arua, au mtoto wa Kikakwa wa Koboko, atakipokea Kiswahili pamoja na historia ipi? Maisha ya Siti binti Saad yanatoa sehemu ya jibu, kwa kuwa ndani yake Kiswahili ni sauti ya walionyimwa haki.

2. Kutoka Fumba hadi Ng'ambo

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya watumwa, miaka 17 kabla ya hadhi ya utumwa kuondolewa kisheria mwaka 1897. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye binti alitembea akiuza vyungu kwa kuvinadi kwa sauti. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alifundishwa uimbaji na Ali Muhsin, kisha akaungana na wanamuziki kama Subeit bin Ambar, Mbaruk Effandi Talsam, Buda bin Mwendo na Maalim Shaaban.

Taarabu aliyoikuta ilikuwa imelelewa katika kasri tangu enzi za Sultani Barghash, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake waliimba kwa Kiswahili, tena kuhusu mambo ya watu wa Ng'ambo, upande wa mji uliokaliwa na wengi waliokuwa watumwa na vizazi vyao. Aliimba kwa masultani na matajiri, lakini pia nyumbani kwake, ambako majirani walikusanyika usiku kumsikiliza. Mwaka 1928 kundi lake lilikwenda Bombay kurekodi kwa kampuni iliyotoa santuri zenye nembo ya His Master's Voice, na santuri hizo zikasambaa Afrika Mashariki yote.

3. Lile ambalo santuri haikulibeba

Upande mmoja wa santuri ya wakati huo ulibeba muziki wa takriban dakika tatu. Onyesho la Ng'ambo liliweza kuendelea hadi usiku mkubwa. Beti ziliongezwa, wasikilizaji waliomba na kudakiza, na waliohusika na kisa kilichoimbwa pengine walikuwa wamekaa pale pale. Kwa hiyo santuri ilihifadhi sauti, lakini tukio lenyewe lilibaki kwa waliokuwapo.

Wimbo wa "Kijiti" unaonyesha jambo hili kwa uwazi. Mgeni anayeusikia leo atatambua kwamba mwanamke ameuawa na kwamba waimbaji wana uchungu. Utafiti wa Laura Fair, uliochapishwa katika kitabu chake cha 2001, Pastimes and Politics, ulitegemea pia mazungumzo na wazee wa Unguja waliozikumbuka nyimbo hizo. Kutokana nao inaeleweka kwamba wimbo ulihusu kisa cha kweli: mtuhumiwa alitoroka, na wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Kwa wasikilizaji wa Ng'ambo, kuuimba wimbo huo kulikuwa ni kuirejesha kesi mbele ya baraza jingine, ambalo wao wenyewe ndio mahakimu wake. Bila wasikilizaji hao, mtafiti angekuwa na maneno asiyoweza kuyafumbua.

Jambo la pili linahusu utunzi. Lebo ya santuri hutaja jina la mwimbaji. Kumbukumbu za wapenzi wake huonyesha kazi ya wengi: kisa kililetwa na majirani, beti zikapangwa na kundi, kisha hadhira ikakubali au ikakataa. Anayeandika sera ya hakimiliki kwa kutazama lebo pekee atawasahau wenye mali.

4. Kumbukumbu na mipaka yake

Kumbukumbu ina udhaifu wake. Mzee anayesimulia ujana wake huupamba. Sifa za marehemu hukua kadiri miaka inavyopita. Mfano mzuri ni Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, ambaye umri wake ulitajwa kwa tarakimu nyingi zisizopatana. Hata hivyo Bi Kidude ndiye aliyezirithi nyimbo za Siti kwa kuzisikiliza, na "Muhogo wa Jang'ombe" ukajulikana kwa vizazi vipya kupitia kwake. Alizikumbuka kwa kuziimba upya, kwa namna yake.

Njia iliyo salama ni kupimanisha vyanzo. Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad kwa nia ya kutoa mfano wa tabia njema, na msomaji hana budi kukumbuka nia hiyo. Santuri hukosoa wasifu, wasikilizaji hufafanua santuri, na kumbukumbu za mahakama huwapima wasikilizaji. Kila chanzo kikiachwa peke yake hupotosha.

5. Manibe na Nile Magharibi

John Middleton, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti miongoni mwa Walugbara kuanzia mwisho wa miaka ya 1940, baadaye aligeukia Zanzibar na kuandika juu ya Waswahili. Katika maandishi yake kuhusu Walugbara, ngoma za matanga zina nafasi kubwa. Katika nchi zote mbili, basi, wimbo ni mahali pa kusema mbele ya jamii lile ambalo ni vigumu kulisema kwingine.

Uganda ina Hifadhi ya Klaus Wachsmann katika Chuo Kikuu cha Makerere, yenye jina la mtafiti aliyerekodi muziki wa nchi hiyo katikati ya karne ya 20. Ila rekodi hazisemi nani alicheka na kwa nini. Vita vilivyofuata mwaka 1979 viliwasukuma watu wengi wa Nile Magharibi kuingia Zaire na Sudan, na kizazi kilichokuwa na nyimbo za kabla ya uhamisho huo sasa ni cha wazee.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, wasikilizaji wahojiwe pamoja na waimbaji, kwa Kilugbara na Kikakwa, kabla ya tafsiri ya Kiswahili. Pili, nakala zibaki Arua na Koboko, zisipelekwe zote Kampala. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, isaidie kuandaa vitabu vya kiada vinavyoweka nyimbo za maeneo hayo kando ya kisa cha Siti.

6. Hitimisho

Siti alifariki Julai 1950. Zaidi ya miaka 40 baadaye bado walikuwapo watu wa kueleza "Kijiti" alikuwa nani, kwa sababu mtafiti alifika kabla yao kuondoka. Nile Magharibi nafasi hiyo bado ipo, lakini inapungua kila matanga yanapowekwa.