KBC mbili na wazee wetu wa skrini

Haya wangu, leo tuongee KBC. Najua ukisikia hilo jina wafikiria Kenya Broadcasting Corporation, taarifa ya habari na Vitimbi. Lakini kuna KBC nyingine, iko India. Kirefu chake ni Kaun Banega Crorepati, yani nani atakuwa mwenye rupia milioni 10. Ni shoo ya maswali na pesa, ilianza tarehe 3 Julai 2000 kwenye Star Plus, na mwenye kuuliza maswali ni Amitabh Bachchan.

Kama humjui Amitabh, muulize mzee yeyote wa Pwani aliyekuwa kijana miaka ya sabini. Babu yangu hapa Gede hajui Kihindi hata neno la kuombea maji, lakini Sholay akusimulia utadhani alikuwepo. Wapwani na picha la Kihindi ni mapenzi ya zamani. Na si picha tu, hata kule magofuni wachimbaji walikuta shanga zilizotoka India, kwa hivyo biashara yetu na wale jamaa ilianza kitambo kabla sinema haijazaliwa. Amitabh alikuja na Zanjeer mwaka 1973, kisha 1975 akatoa Deewaar na Sholay. Kijana mrefu, sauti nzito, hasira juu ya kila dhuluma. Sisi hupenda kusema steringi hafi. Basi yeye alikufa kwenye Deewaar, akafa tena kwenye Sholay, na watu wakarudi kesho yake wakalipa walie upya.

Sasa sikia yaliyompata. Miaka ya tisini alifungua kampuni yake, ABCL. Kampuni ikachukua kazi ya kuandaa Miss World 1996 pale Bangalore, ikala hasara, filamu zake nazo zikaanza kuanguka. Mwenyewe ashasema madeni yalifika takriban rupia milioni 900, na kesi mahakamani zaidi ya 50. Wadai walikuwa wanamjia hadi mlangoni. Huyu ni mtu ambaye mwaka 1982, alipoumia akiigiza filamu ya Coolie, watu walijaa misikitini na mahekaluni kumuombea. Mwaka 2000 ana miaka 57 na hana kitu.

Ndipo ikaja hiyo shoo. Kumbuka wakati ule steringi wa sinema kwenda kwenye TV ilionekana ni kushuka hadhi. Mtu aliyezoea kuonekana na ukubwa wa ukuta, sasa aingie kwenye kisanduku cha sebuleni aulizane maswali na karani wa benki? Watu wake wa karibu walimwonya. Akaenda. Mwezi Oktoba mwaka huohuo kijana anaitwa Harshvardhan Navathe akawa wa kwanza kuzoa ile zawadi kubwa, na India nzima ikawa yakaa mbele ya TV usiku. Mwaka 2007 walimpa Shah Rukh Khan kile kiti, lakini 2010 Amitabh akarudi, na ashapita miaka 80 akiwa bado anauliza maswali. Ile filamu ya Slumdog Millionaire ya 2008 imejengwa juu ya shoo hiyohiyo. Na yule mtoto anayejitosa kwenye shimo la choo ili apate sahihi ya steringi, steringi mwenyewe ni Amitabh.

Wamarekani walianza mchezo huu mapema zaidi. Miaka ya 1950, Boris Karloff, yule aliyetisha dunia kwenye Frankenstein ya 1931, alikaa kwenye The $64,000 Question akajibu maswali ya hadithi za watoto. Hadithi za watoto, maze! Akaondoka na dola 16,000. Vincent Price na Edward G. Robinson wakapambana kwa maswali ya sanaa za uchoraji, maana kumbe wote wawili walikuwa wakusanyaji wakubwa wa picha. Buster Keaton, mfalme wa sinema bubu, akatokea What's My Line? watu waliofunikwa macho wabahatishe yeye ni nani.

Wengi huona hizo klipu wakasema masikini, wameisha. Mimi naona hesabu. Filamu zao za zamani zilikuwa zarudiwa kwenye TV na wao hawapati hata senti. Mwaka 1960 waigizaji wa Hollywood waligoma, kiongozi wao akiwa Ronald Reagan, huyohuyo aliyekuja kuwa rais. Wakapata haki ya kulipwa filamu ikirudiwa, lakini ni zile za kuanzia 1960. Za nyuma wakaziachilia, wakapewa pesa za kuanzisha mfuko wa pensheni na matibabu. Kwa hivyo ukimuona nyota wa miaka ya thelathini anacheza bahati nasibu kwenye TV, jua kile kiti kina malipo. Anafanya kazi. Anacheka, watu wanamcheka, kisha anapokea hundi.

Turudi kwa KBC yetu. Mzee Ojwang, jina lake Benson Wanjau, Mkikuyu aliyeongea kwa lafudhi ya Kijaluo hadi watu wakaapa ni Mjaluo. Alituchekesha miaka na miaka. Uzeeni macho yakamsumbua, na mara tukawa twamuona kwenye TV kama mgonjwa wa kuchangiwa. Wakenya walichanga, shukrani kwao. Alifariki tarehe 12 Julai 2015. Ng'ambo ya mpaka, Tanga, kulikuwa na King Majuto. Mwaka 2018 alipougua hadi akapelekwa India kutibiwa, ndipo serikali ya Tanzania ikaanza kukagua mikataba yake ya matangazo, kuona kama sura yake ilikuwa yauza bidhaa za watu kwa malipo ya haki. Alifariki Agosti hiyohiyo. Halafu 2021 tukamuona muigizaji wa Tahidi High analia mbele ya kamera, na klipu ile ilitazamwa na wengi.

Yani TV yetu yajua kumuita msanii mzee, ila yamuita akiwa na bili ya hospitali mkononi. Hapa Gede mtalii analipa kiingilio aone kuta zilizoachwa mamia ya miaka, na hakuna anayesema kuta zimejidhalilisha.

Kuna mtu ataniambia shoo za bahati nasibu ni upuuzi, mzee wa heshima afadhali akae nyumbani. Sawa, akae nyumbani akila nini? Maswali na zawadi kwenye TV na redio zetu hayaishi, na watangazaji ni wale wale, vijana wa umri wetu waliovaa suti za kubana. Mimi nafikiria Ojwang kwenye kile kiti. Mshindani ana laki moja mbele yake, jibu halijui, jasho lamtoka, na Mzee anamkazia macho kimya, kisha kwa ile lafudhi anamuuliza kama ana hakika. Nani angebadilisha chaneli?