Istilahi ya Programu Zinazojibizana na Watu

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani, alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA. Programu hiyo haikuelewa lolote: ilitafuta maneno fulani katika sentensi ya mtumiaji, ikayageuza yakawa swali, ikamrudishia. Hata hivyo katibu wake, aliyemwona akiishughulikia kwa miezi mingi, alijibizana nayo kidogo tu akamwomba bwana huyo atoke chumbani. Weizenbaum alifadhaika, akalieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1976.

Mwaka 2001 kampuni ya ActiveBuddy iliingiza SmarterChild katika huduma ya ujumbe wa papo kwa papo ya AOL. Ilieleza hali ya hewa, bei za hisa na saa za sinema. Lakini lililo kubwa ni mahali ilipowekwa. Jina lake liliorodheshwa pamoja na majina ya marafiki wa mtumiaji. Huduma ile ya AOL ilifungwa mwaka 2017, utaratibu ukabaki: Telegram iliruhusu programu za namna hiyo mwaka 2015, Facebook Messenger mwaka 2016, na Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilianza kutoa habari za Uviko-19 kwa njia hiyo katika WhatsApp.

Tuziiteje basi? Kiingereza kimefupisha neno roboti, lililoenezwa na tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920 kutokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa. Sisi tukilidogosha twapata kiroboti, na asikiaye vibaya ataanza kujikuna.

Wenye huduma hupenda msaidizi au mshauri. Hapa pana hatari. Majina hayo ni ya ngeli ya A-WA. Asemaye “mshauri ameniambia” amekwisha kuipa programu utu kabla hajalipima jibu lake. Mgonjwa aulizaye kiasi cha dawa anastahili kujua kwamba upande wa pili hapana mtu.

Twapendekeza kijibizi, kutokana na kujibizana: kijibizi kimejibu, vijibizi vimekosea. Ni kweli kwamba kiongozi na kinyozi nao huanza kwa ki- na bado hupatanishwa kama watu. Kwa hiyo kiambishi cha jina peke yake hakitoshi. Kazi kubwa itakuwa ya wahariri na watangazaji, kila wanapochagua kati ya kimesema na amesema.