Kitunusi Katika Kitabu cha Kanuni: Viumbe wa Ngano za Bonde la Tana na Historia ya Kuorodheshwa Kwao

Atokaye Tseikuru, kaskazini mwa Kitui, akashika njia ya kaskazini hukutana na Mto Tana. Mto huohuo, baada ya mwendo mrefu, huingia katika nchi ya Wapokomo na hatimaye kumwagika katika Bahari ya Hindi. Huko chini ya mto husimuliwa habari za kitunusi. Huku juu, miongoni mwa Wakamba, husimuliwa habari za eimu. Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi mmoja wa viumbe hao alivyoingizwa katika kitabu cha kanuni za mchezo, na kwa nini kuachwa kwa mwenzake huenda kukawa ni bahati.

Mwaka 2002 kampuni ya Atlas Games ya Marekani ilitoa *Nyambe: African Adventures*, nyongeza ya kanuni iliyotungwa na Christopher Dolunt kwa ajili ya mchezo wa dhima uchezwao mezani. Mchezo wenyewe una asili yake katika *Dungeons & Dragons*, uliotolewa na Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974 ukiwa vijitabu vitatu ndani ya kisanduku. Mtu mmoja husimulia ulimwengu wa kubuni. Wengine hunena na kutenda kwa niaba ya wahusika wao. Dadu huamua yenye shaka. Nyongeza ya kwanza, *Greyhawk*, ilifuata mwaka 1975. Mwaka 1976 nyongeza nyingine iliwageuza miungu ya Wamisri, Wahindi, Wagiriki na wengineo kuwa tarakimu za nguvu na uhai. Afrika ya kusini mwa Sahara haikuwamo. Pengo hilo ndilo ambalo Dolunt alikusudia kuliziba, baada ya leseni ya mwaka 2000 kuwaruhusu wachapishaji wengine kuzitumia kanuni hizo.

Miongoni mwa mbari ambazo mchezaji wa *Nyambe* anaweza kujitwalia yumo kitunusi. Jina lake ni la huku kwetu, lakini kiti alichokalishwa ni cha wageni: amechukua nafasi ya vile vijitu vya ardhini ambavyo Paracelsus aliviandika huko Ulaya katika karne ya 16. Ngoloko naye amepewa nafasi ya majitu katili yaliyoenezwa na riwaya za Tolkien. Mhakiki mwenye haraka atasema kwamba hapa Mmarekani ameivunjia heshima fasihi simulizi ya Mwafrika, kisha afunge jalada.

Hukumu hiyo ina ukweli, ila inamkosea mshtakiwa wa kwanza. Alice Werner, katika kitabu chake cha visasili vya Wabantu cha mwaka 1933, alikwisha kuwakusanya viumbe wa namna hii katika sura moja ambayo anwani yake inataja vijitu hivyohivyo vya Ulaya. Uwekaji wa kitunusi katika kabati la Kizungu ulianza, basi, takriban miaka sabini kabla ya *Nyambe*, tena kwa mkono wa msomi aliyezijua lugha zetu na kuzipenda. Mtunzi wa kanuni alilikuta kabati tayari. Alichoongeza ni tarakimu.

Hata hivyo Werner alihifadhi jambo ambalo tarakimu haziwezi kulibeba. Kitunusi wa Wapokomo huenda hali ameketi. Akutanaye naye huweza kupooza viungo. Naye huvaa kaniki, ambayo mtu akibahatika kupata kipande chake hutajirika. Maelezo hayo ya kaniki yanastahili kutazamwa kwa makini. Kaniki ni kitambaa cha biashara, vazi ambalo katika pwani ya karne ya 19 lilihusishwa na wanawake watumwa na watu wa hali ya chini. Kiumbe aliyevikwa nguo hiyo, na ambaye utajiri hutoka katika kuichana, ni vigumu kumsoma nje ya uchumi wa misafara. Misafara hiyo ilifika hadi Kitui: Ludwig Krapf alimtembelea Kivui, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba, mwaka 1849, na Kivui huyo akauawa karibu na Tana mwaka 1851. Akiondolewa kaniki, kitunusi anabaki kijitu tu, naye anaweza kuhamishiwa bara lolote la kubuni bila hasara kwa mchezo.

Kwa upande wa eimu, tatizo ni la lugha zaidi kuliko la mavazi. Gerhard Lindblom, aliyekusanya ngano za Wakamba, alitofautisha eimu, yaani zimwi la hadithini, na aimu, mizimu ya waliofariki. Mzizi ni mmoja. Viambishi ndivyo vinavyotenga. Kitabu cha kanuni kina orodha ya madubwana na orodha nyingine ya wafu, wala hakina nafasi ya neno linalovuka mpaka kwa kubadili silabi ya mwanzo.

Haifuati kwamba mchezo ni adui wa simulizi. Ngano nayo ina kanuni zake: fanani hufungua kwa fomyula, hadhira huitikia, wajuzi humkatiza anapokosea. Nguvu za zimwi usiku huu si lazima ziwe zile za usiku wa jana, kwa kuwa huamuliwa baina ya msimulizi na wasikilizaji. Mezani pia wachezaji hubishana na msimamizi wao, na mara nyingi hushinda. Katika jambo hili meza iko karibu zaidi na jioni ya Tseikuru kuliko ilivyo diwani ya ngano iliyochapwa, ambamo msomaji hana wa kumkatiza.

Januari 2023 sehemu ya msingi ya kanuni za *Dungeons & Dragons* ilitolewa chini ya leseni ya Creative Commons, na mwaka 2024 kitabu kipya cha wachezaji kikaliacha neno la «mbari» na kutumia «spishi» (neno ambalo, ikumbukwe, halimpunguzii kitunusi ugeni wa kiti chake). Mwanafunzi wa Kitui anayetaka kuandika nyongeza yake hahitaji tena kibali cha yeyote. Atakapofika kwenye herufi E, itambidi aamue kama eimu na aimu wataandikwa katika ukurasa mmoja au miwili.