Somo la Jamaa katika Darasa la Wahamiaji

Kila mwalimu wa lugha analifahamu somo la jamaa. Hufundishwa mapema, mara tu baada ya maamkizi, nalo hudhaniwa kuwa jepesi kuliko yote. Historia ya Waasia waliofukuzwa Uganda yatuonyesha kwamba kwa mtu mzima aliyeng'olewa kwao, huenda likawa ndilo zito kupita yote.

Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye pasi za Uingereza wawe wameondoka nchini kwa muda wa siku 90. Watu wapatao 28,000 walipokewa Uingereza, na wengi wao walianzia katika makambi kama vile Stradishall na Greenham Common. Waliosoma shule au kufanya kazi za ofisi walifika na Kiingereza chao. Lakini wazee wengi, na akina mama wengi waliokuwa wakitunza nyumba, walijua Kigujarati au Kipunjabi pamoja na Kiswahili cha sokoni. Hao ndio walioanza Kiingereza tangu mwanzo.

Nyumba nyingine zilikuwa zimegawanywa na pasi. Mke mwenye pasi ya Uingereza alifika huko pamoja na watoto, hali mumewe, aliyenyimwa uraia wa Uganda na kukosa nchi, alipelekwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa kwenye kambi ya Austria, Italia au Malta. Kwa mama kama huyo, swali "Mume wako yuko wapi?" halikuwa zoezi la sarufi hata kidogo.

Tena, maneno yenyewe hayakulingana. Kigujarati humwita ndugu wa baba "kaka" na ndugu wa mama "mama". Kiswahili nacho hutenga ami na mjomba. Kiingereza huwaita wote wawili "uncle". Mwanafunzi aliyesita hapo hakuwa mzito wa akili. Alikuwa akitafuta heshima ambayo lugha mpya haikuwa na neno lake. Isitoshe, katika nyumba nyingi za Kihindu mke hakuzoea kulitaja jina la mumewe.

Nasi tumewahi kukosea. Tukifundisha Kiswahili kwa wakimbizi watu wazima, tulimwuliza mama mmoja ana watoto wangapi. Alinyamaza. Tukadhani hakuelewa, tukarudia swali kwa sauti kubwa zaidi. Baadaye tulielewa kwamba alikuwa amelielewa vema. Lililomshinda ni kuchagua kama awahesabu walio hai peke yao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tangu hapo tumebadili utaratibu. Kwanza twachora ubaoni jamaa ya kubuni, na maswali yote huelekezwa kwa hiyo. Pili, kabla ya kuuliza lolote, twafundisha sentensi hii: "Samahani, sitaki kulisema hilo." Tatu, atakaye kusimulia habari za kwake husimulia kwa hiari, na asiyetaka hapunguziwi alama. Walimu wenzetu wa Uganda, Burundi na Kongo, ambao madarasani mwao huketi watu waliokimbia makwao, tunawasihi wajaribu njia hii. Mwanafunzi akijua kukataa kwa adabu katika lugha ya ugenini, amekwisha kupata sehemu kubwa ya lugha hiyo.