Muhogo Mchungu katika Uwanda wa Makonde

Katika mwaka wa 1906, moto wa Vita vya Maji Maji ukiwa haujazimika sawasawa, Mjerumani Karl Weule, mwanazuoni wa mila na desturi kutoka Leipzig, alifika Masasi kisha akapanda Newala, na miongoni mwa yaliyomstaajabisha ni kuwaona Wamakonde wamefanya maskani juu ya uwanda usio na mto, wanawake wao wakishuka mabondeni kuteka maji na kuyapandisha vichwani. Sababu yake ilikuwa usalama, kwa maana vichaka vizito vya uwandani viliwahifadhi na wavamizi zama za misukosuko. Mwaka huo huo, huko London, wanakemia Dunstan, Henry na Auld walitangaza kuwa asili ya sumu ya muhogo ni kemikali ambayo leo huitwa linamarini. Kazi yao haikuhusiana na safari ya Weule, lakini mambo hayo mawili, uhaba wa maji na sumu ya mzizi, yalikuwa yamekwisha kukutana katika vinu vya Newala.

Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioleta mbegu yake Afrika. Ule mchungu ulipendwa kusini kwa sababu zenye mantiki: huzaa katika mchanga uliochoka, hukaa ardhini mpaka uhitajiwe, na nguruwe mwitu hawaupendi. Asiyepata kulinda shamba usiku kucha hawezi kulaumiwa kwa kuuchagua.

Mzizi ukiwa mzima hauna ghasia, kwa kuwa linamarini imehifadhiwa ndani ya chembe, ilhali kimeng'enya kiitwacho linamarase kimekaa katika kuta zake, na viwili hivyo havionani. Emil Fischer alieleza mwaka 1894 kwamba kimeng'enya na kitu kinachovunjwa nacho hulingana kama kufuli na ufunguo. Basi kuta zikivunjwa kwa mchi au kulainishwa na vijidudu vya uchachu, linamarase huishika linamarini, ikaitenga sukari yake, na mabaki yakavunjika hatimaye kuwa sianidi, hewa ya sumu ichemkayo kwenye nyuzi 26 hivi, ambayo huruka ikaacha chakula salama. Lakini kazi hiyo yote yataka unyevu na muda.

Penye maji tele, watu huroweka muhogo siku kadhaa mpaka ukalainika. Uwandani, ambako ndoo moja ilikuwa safari, watu walitegemea jua: mama humenya mizizi, akaipasua, akaianika juu ya paa au uchanjani mpaka ikawa makopa, meupe kwa ndani na mara nyingine yenye madoa meusi ya ukungu, tayari kutwangwa unga. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalidhanii, nalo ni kwamba kukauka upesi si heri, maana kipande kikishapoteza unyevu kimeng'enya husimama, na linamarini iliyosalia hubaki ndani ya unga.

Njaa ndiyo iliyodhihirisha hatari hiyo. Mwaka 1988 chakula kilipopungua wilayani Masasi, watu hawakuweza kungoja makopa. Walitengeneza chinyanya, yaani muhogo hutwangwa na kuanikwa, ukatwangwa tena, ukaliwa siku ile ile, na wengi wakapatwa na kutapika na kizunguzungu. Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania alichunguza mkasa huo pamoja na wenzake, akiwamo Hans Rosling, ambaye mwaka 1981 alikuwa ng'ambo ya Ruvuma, jimboni Nampula, kulikopatikana wagonjwa zaidi ya 1,000 wa konzo, maradhi ya sumu hiyo hiyo yanayopoozesha miguu ghafla na daima, hasa ya watoto na wanawake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ilizuka Mkoa wa Mtwara pia. Haikuwapata wagonjwa hao kwa ujinga: mwili nao una kimeng'enya cha kuizima sianidi, lakini kinahitaji salfa itokayo katika kunde na samaki, vitu ambavyo fukara wa mwaka wa njaa havioni.

Mwanasayansi Howard Bradbury wa Canberra alipendekeza dawa isiyo na gharama: unga wa muhogo ulowanishwe, utandazwe tabaka jembamba kivulini saa 5 au juani saa 2, ndipo upikwe ugali siku hiyo. Maji yanayohitajika ni machache, hata kwa Newala. Nawasihi waalimu, wakunga na wauguzi wa Masasi na Newala wawafundishe akina mama jambo hili kabla ya mwaka mwingine wa njaa.