Kiharusi na Mashine Isomayo Ubongo

Maradhi ya kiharusi hayakuanza zama zetu. Matabibu wa Kiislamu wa kale waliyaita sakta, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaeleza katika kitabu chake cha Al-Qanun. Lakini tabibu wa zama hizo, kwa elimu yake yote, alimtazama mgonjwa kwa nje tu. Fuvu la kichwa lilikuwa sanduku lililofungwa, na ufunguo hana.

Na ugumu uko hapo, kwani kiharusi si kimoja. Kuna cha bonge la damu lililoziba mshipa wa ubongo, na kuna cha mshipa uliopasuka ukavuja. Kwa nje mdomo umepinda na mkono umelegea, kote kuwili. Ndani, dawa ya mmoja ni sumu ya mwenziwe.

Sanduku lilifunguka tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Siku hiyo mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI (ndiyo hiyo hiyo ya sahani za santuri!). Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeitafutia kazi hiyo hesabu zake.

Kisha mwaka 1995 utafiti wa Marekani ukaonesha kwamba dawa ya kuyeyusha bonge, ikitiwa mshipani ndani ya saa 3, humwokoa mgonjwa na ulemavu. Mwaka 2008 muda ulisogezwa hadi saa 4 na nusu. Basi picha peke yake haikutosha tena. Alitakiwa mtu wa kuisoma upesi. Wala kuisoma si kazi ndogo, maana dalili za mwanzo ni kivuli hafifu mno. Mwaka 2000 matabibu wa Calgary, Canada, walitoa kipimo cha alama 10, kila eneo lililoharibika likipunguza alama moja. Hata hivyo mabingwa wawili huweza kutazama picha moja wakatofautiana, na usiku wa manane, katika mji mdogo, hata huyo mmoja hayupo.

Ndipo ikaingia akili mnemba. Kompyuta huoneshwa picha nyingi zilizokwisha kusomwa na mabingwa, mpaka nayo ikajua kuzitambua. Februari 2018 serikali ya Marekani iliruhusu programu ya Viz.ai, ambayo ikishuku kwamba mshipa mkubwa umeziba humpelekea bingwa habari katika simu yake. Angalia vizuri: iliruhusiwa kupiga mbiu, haikuruhusiwa kuhukumu. Uingereza nako, uchambuzi wa mwanzo wa programu iliyotengenezwa Oxford, uliotangazwa mwaka 2022, ulionesha kwamba muda wa kungoja matibabu ulishuka kutoka dakika 140 hadi 79. Si jambo dogo hilo. Tabibu mmoja wa California alikadiria mwaka 2006 kwamba kila dakika ya kiharusi cha kuziba huua chembe za ubongo zipatazo milioni 1.9.

Utauliza, haya yatuhusu nini sisi wa pwani? Mashine za picha zipo Mombasa na Dar es Salaam. Lakini mzee akianguka, wako wasemao ni upepo mbaya: hufukizwa, huchuliwa mafuta, huambiwa alale kwanza, na jua likachwa. Dua ina mahali pake, na yaweza kusomwa ndani ya gari. Mashine huanza kuhesabu dakika zake mlangoni pa hospitali. Saa zilizopotea barazani haizijui.

Na daktari atauliza: mara ya mwisho mgonjwa alionekana mzima saa ngapi? Programu haiwezi kumjibu. Atajibu mke, au mtoto, au yule mjukuu aliyempelekea chai baada ya alfajiri.