Siti binti Saad na Mji wa Unguja

Msomaji, wazee wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutajwa kila siku, lakini wanaoiamini kwa moyo ni wachache. Desturi ya miji ni kumwona mgeni kuwa mtu aliyekuja kuchukua, si mtu aliyekuja kuleta. Na mgeni huyo akiwa mwimbaji, dharau huzidi, kwa sababu bidhaa yake haishikwi kwa mkono wala haipimwi kwa mizani. Nakuomba tuitazame methali hiyo katika maisha ya mwanamke mmoja aliyekihama kijiji chake mwaka 1911, akaenda kukaa mjini Unguja na kula kwa jasho la koo lake. Mwanamke huyo ni Siti binti Saad.

Siti alizaliwa Fumba, kijiji cha pwani kilicho kusini mwa mji wa Unguja, karibu na mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, wote wawili asili yao Bara. Zama hizo utumwa ulikuwa bado haujaondolewa. Amri ya kuufuta katika sheria ya Unguja ilitoka mwaka 1897. Jina alilopewa mtoto huyu lilikuwa Mtumwa. Fikiri, msomaji, jinsi ilivyo kuitwa jina hilo asubuhi na jioni, mbele ya wenzako na mbele ya wageni. Jina la Siti, ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima, alilipata baadaye kwa kuimba kwake. Safari yake yote yaweza kusomwa katika majina hayo mawili: alianza Mtumwa, akaishia Siti.

Hakupelekwa skuli. Alichojifunza utotoni ni kazi ya wanawake wa nyumbani kwao, kufinyanga vyungu. Udongo ukisha kukandwa, kufinyangwa na kuchomwa, alivitia vyungu vyake kichwani akaenda mjini kwa miguu kuviuza. Husimuliwa kwamba alivinadi kwa kuimba, na kwamba wanunuzi waliijua sauti yake kabla hawajauona uso wake. Basi aliujua mji kwa nyayo zake kabla hajaujua kwa makazi. Alijua milango inayofunguka na milango isiyofunguka. Siku alipoamua kuhama, hakwenda kama kipofu.

Lakini mji wenyewe ulikuwaje? Ulikuwa miji miwili iliyotengwa na hori ya maji, ambayo baadaye ilifukiwa. Upande mmoja zilisimama nyumba za mawe, kasri ya Sultani na maghala ya matajiri. Upande wa pili ulikuwa Ng'ambo, mahali pa nyumba za udongo na makuti, walipokaa wachukuzi, mafundi, wavuvi, na watu wengi waliotoka mashambani baada ya utumwa kuondolewa. Muziki wa taarabu ulikuwa mali ya upande wa kwanza. Seyyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, alikuwa amempeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza muziki, ili kasri ipate watumbuizaji wake. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Waliokuwa wakipiga na kuimba humo walikuwa wanaume, na nyimbo zao zilikuwa za Kiarabu. Mfinyanzi kutoka Fumba hakuwa na kiti katika baraza hiyo.

Mwaka 1911, mwaka uleule aliotawazwa Seyyid Khalifa bin Harub, Siti alihamia mjini. Umri wake ulikuwa umekaribia au kupita miaka thelathini. Hapa pana jambo ambalo kijana hupenda kulipita upesi, nami nataka usimame uliangalie. Sauti Siti alikuwa nayo tangu Fumba. Mji haukumpa sauti. Alichokosa ni elimu ya kuitumia. Alibahatika kukutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Ikhwani Safaa, ambaye aliisikia sauti yake akakubali kumfundisha. Mtu mzima, aliyekwisha kujipatia riziki kwa mikono yake, alikaa mbele ya mwalimu kama mtoto wa chuoni akajifunza kufuata mapigo na kuyatamka maneno ya Kiarabu sawasawa. Kisha akapata wenziwe: Maalim Shaaban, Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi na Mbaruk Talsam. Mwimbaji peke yake ni kama kinu bila mchi; kwa kundi hilo kazi ikawa kazi.

Riziki ya mwanamuziki wa siku zile ilikuwa ya kualikwa. Palipokuwa na arusi, palikuwa na ujira; pasipokuwa na arusi, palikuwa na subira. Siti na wenziwe waliimba katika nyumba za matajiri na katika kasri ya Sultani. Lakini maskani yake aliyaweka Ng'ambo, na huko watu walikusanyika kwake usiku kumsikiliza. Hivyo ndivyo alivyovuka hori ile kwenda na kurudi, akila kwa wakubwa na kulala kwa wadogo.

Usidhani kwamba mji ulimpokea kwa shangwe tupu. Sifa zake zilipopanda, wivu nao ulipanda. Walitokea waliomwimbia nyimbo za kumkebehi, wakamkumbusha kwamba alikuja kutoka shamba amevaa kaniki, nguo nyeusi ya mafukara, na kwamba hakuwa na sura wala nasaba. Angeweza kurudi Fumba na vyungu vyake, au kujibu matusi kwa matusi. Hakufanya hili wala lile. Alijibu kwa wimbo, na jambo aliloshika ni kwamba sura na ukoo si hoja; mwenye hasara ni aliyekosa akili. Jibu hilo lilidumu, na majina ya waliomcheka yamesahaulika.

Sasa tuirudie methali yetu. Mwenyeji alipona nini kwa kuja kwa mgeni huyu? Siti aliuvumisha wimbo wa taarabu katika lugha ya Kiswahili. Wachukuzi na wauza samaki wa Ng'ambo, waliokuwa wakiusikia muziki wa kasri bila kuyaelewa maneno yake, sasa walielewa. Wakayasikia mambo yao wenyewe: mapenzi na hiana, umaskini, mahakama na wakubwa wake. Mojawapo ya nyimbo hizo ni ule wa Kijiti. Ulihusu mkasa wa kweli wa mwanamke aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam, akatoka kwenda ngomani, akauawa na mwanamume aliyeitwa Kijiti. Muuaji alikimbilia Bara, na adhabu ikawapata wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Mgeni mmoja wa mji alimlilia mgeni mwingine, ambaye mji haukumlinda. Wala hakuyaficha makosa ya mahakama. Nani miongoni mwa wenyeji alikuwa amelifanya hilo mbele yake?

Mwaka 1928 Siti na kundi lake walivuka Bahari ya Hindi kwa meli hata Bombay, wakatiwa sauti zao katika sahani za santuri. Maneno ya Ng'ambo yakaanza kusikika katika miji ya mwambao na ya bara, mahali ambapo mwimbaji mwenyewe hakupata kufika. Wafanya biashara wa santuri wakatambua kwamba Kiswahili kina wanunuzi, na waimbaji wengine wakafuata njia ambayo mfinyanzi wa Fumba aliifyeka.

Siti alifariki mwezi wa Julai mwaka 1950. Shaaban Robert aliyaandika maisha yake katika kitabu kiitwacho Wasifu wa Siti binti Saad, nawe utafanya vema kukisoma.

Kila mwaka wako vijana wamalizao shule wakaelekea Mombasa au Nairobi kutafuta riziki kwa gitaa au kwa sauti. Pengine wewe utakuwa mmoja wao. Sitakuambia usiende, wala sitakuahidi kwamba mji utakungoja kizingitini. Nakuambia tu tazama alivyofanya Siti. Alifika na kipawa, lakini hakuona haya kufundishwa. Alitafuta wenzi kabla ya kutafuta sifa. Alikula kwa wenye kasri, wala hakuwasahau watu wa Ng'ambo. Na lugha aliyoondoka nayo shamba, ambayo wengi wangeificha kama kaniki kuukuu, ndiyo aliyoutajirisha mji kwayo. Basi siku utakapofunga mzigo wako, jiulize mji utakupa nini. Kisha jiulize, kwa muda mrefu zaidi, wewe unaupelekea nini.